Mizani ya Stesheni ya Sungwi

Naanza kwa kuapa kwamba nchi hii haipo. Ingekuwapo, ningekuwa nimeshakamatwa.

Katika nchi hiyo, enzi ambazo treni ya moshi ilikuwa bado kitu cha watu kutoka majumbani kwenda kukitazama, palikuwa na vyama viwili vya siasa. Kimoja kiliitwa Chama cha Mwanga na kingine Chama cha Nuru, na vilichukiana vibaya sana. Wabunge wa Mwanga walikaa kulia, wa Nuru kushoto, wakatukanana tangu asubuhi hadi saa sita, kisha wakaenda kula pamoja kwa Mtukufu, ambaye alikuwa mwenyekiti wa vyama vyote viwili ili asionekane ana upendeleo. Wananchi walikuwa huru kabisa kuchagua. Mimi mwenyewe katika uchaguzi mmoja nilichagua mara nne.

Nilikuwa mwandishi wa gazeti la serikali, Kweli Tupu, lenye kurasa nne. Tatu zilikuwa za hotuba za Mtukufu, na ya nne ilikuwa ya masahihisho ya hotuba hizo. Ndiyo sababu nilitumwa Sungwi, na ndiyo sababu niliyaona haya kwa macho yangu.

Sungwi ndiko reli ilikoishia. Ilitoka Mji Mkuu ikapita nyika na mabonde bila kusimama popote penye watu, ikafika kwenye pamba, ikakoma. Wakulima wa Sungwi walifurahi. Waliambiwa kwamba kila nyumba itapanda shamba moja la pamba, kwamba pamba itapimwa stesheni, na kwamba mizani ya stesheni imeletwa kwa meli na kubarikiwa na viongozi wa dini tatu.

Mwaka wa kwanza, gunia lililokuwa na ratili mia nyumbani lilikuwa na ratili tisini stesheni. Watu wakasema, hewa. Mwaka wa pili likawa na sabini. Watu wakasema, vumbi limepukutika njiani. Mwaka wa tatu mwanamke mmoja, Nyamizi binti Lugwesa, alileta magunia yake kumi na mawili, na kila moja likasoma hamsini.

Nyamizi alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi, mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimtazama msimamizi wa stesheni, Bwana Njaule, akauliza, "Nusu nyingine imekwenda wapi?"

"Mama, mizani ya serikali haikosei," akajibu Bwana Njaule. "Kilichokosea ni gunia."

"Nimelipima jana."

"Kwa mizani gani?"

Nyamizi hakujibu, na akafanya vyema, kwa sababu tayari lalamiko la wakulima lilikuwa limefika Mji Mkuu, na serikali sikivu ilikuwa imeunda tume. Tume hiyo ilikuwa imeshakaa miezi saba hotelini. Iligundua kwamba pamba ni mmea wenye hisia. Ikiondolewa nyumbani huingiwa na simanzi, na mwenye simanzi hukonda. Tume ikapendekeza kwamba mizani zote za majumbani zipigwe marufuku, maana ndizo zinazoipa pamba matumaini ya uongo. Sheria ilikuwa imepitishwa siku hiyohiyo. Mwanga walisema ni sheria nzuri. Nuru walipinga vikali, wakasema ni nzuri sana.

Basi siku ile Nyamizi alishusha gunia lake la kumi na mbili kutoka kwenye mizani, akavua kandambili zake za ngozi, akapanda yeye.

Mshale ukatetemeka, ukasimama kwenye sabini.

"Bwana Njaule," akasema, "mimi nina uzito wa binti wa miaka kumi?"

Mtu akacheka nyuma. Kisha mzee mmoja akapanda, akaonekana ana uzito wa mbuzi. Mke wake akapanda, naye akawa kama kuku wa sikukuu. Watu wakajipanga mstari, wakipanda na kushuka, wakicheka hadi machozi, mpaka akapanda kijana mmoja aliyekuwa mbeba mizigo mwenye nguvu kuliko wote, na mshale ukaonyesha uzito wa mgonjwa wa kufa. Hapo kicheko kikakatika. Walitazamana. Ilikuwa kama kila mmoja ameona kwa jicho lake kitu kilichokuwa kikimla.

"Hawapimi pamba hawa," akasema Nyamizi. "Wanatupima sisi."

Hivyo ndivyo Umoja wa Jembe ulivyozaliwa. Serikali baadaye ilisema ulizaliwa na maadui wa nje. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwenye mizani, na maadui wa nje sikuwaona, ila natambua kwamba ni wajanja.

Umoja ulikuwa na mikono miwili. Mmoja ulikuwa Nyamizi. Mwingine ulikuwa Mwalimu Luhende, aliyefundisha watoto wa Sungwi kusoma, mwembamba, mwenye ndevu nzuri na sauti iliyofanya hata tangazo la mnada lisikike kama sala. Mama yake, Bibi Kalekwa, alikaa mstari wa mbele katika kila mkutano, na mwanawe akisema neno gumu alipiga kigelegele bila kungoja maana yake.

Nyamizi alikwenda shamba kwa shamba akizungumza na watu wakipalilia. Luhende alipanda juu ya mkokoteni akahutubia. Kwa miezi mitatu vijiji ishirini na mbili vilijiunga. Mwezi wa nane wa mwaka uliofuata, mavuno mapya yalipoiva, waliamua jambo moja tu: pamba yote ingepelekwa stesheni, iwekwe hapo jukwaani, na hata gunia moja lisipakiwe mpaka mizani ibadilishwe.

Magunia elfu nne yalirundikwa Sungwi. Treni ilikuja tupu, ikapiga honi, ikarudi tupu. Ikaja tena, ikarudi tena. Viwanda vya Mji Mkuu vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Mtukufu, ambaye shuka zake zilikuwa za pamba, ilisemekana hapati usingizi mzuri.

Lakini pamba haipendi maji, na mwezi wa kumi ulikuwa unaingia. Kila asubuhi watu wa Sungwi walitoka nje, na kabla ya kusalimiana walitazama mbinguni upande wa mashariki. Mvua ikinyesha juu ya yale magunia, hakuna mizani duniani ambayo ingewasaidia. Watoto walikuwa wanakula mlo mmoja. Wifi yake Nyamizi, Mbuke, mama wa watoto sita, alikuja kumuuliza, "Wifi, tunangoja nini hasa?"

"Tunangoja waogope."

"Na tukiogopa sisi kwanza?"

Nyamizi alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. "Mimi nimeshaogopa zamani," akasema. "Naendelea tu."

Tarehe nane treni ilifika na mabehewa matano. Manne yalikuwa ya askari. La tano lilikuwa la Waziri wa Mizani, Vipimo na Uadilifu, Mheshimiwa Bonaventura Pwaguzi, mtu mwenye umbo la kitaifa, ambaye mlango wa behewa lake ulikuwa umepanuliwa kwa fedha za barabara. Askari mia mbili walijipanga upande mmoja wa reli. Wakulima, labda elfu mbili, walisimama upande wa pili mbele ya magunia. Mbingu ilikuwa imejaa, nyeusi, na upepo ulinuka mvua.

Mheshimiwa alipanda juu ya kasha.

"Ndugu wananchi wapendwa!" akasema. "Serikali inawapenda mpaka inaumia! Mnasema mizani ina kasoro. Mizani hii? Chuma kitupu! Chuma hakina tamaa, hakina ndugu, hakina chama. Ningeweza kuweka roho yangu juu ya mizani hii, na ikasema kweli!"

"Roho ni nyepesi, mheshimiwa," ikasema sauti ya chini. "Weka mwili."

Nyamizi alikuwa amejitokeza mbele. Kati yake na bunduki za kwanza palikuwa na reli mbili na kokoto.

Mheshimiwa alitazama mizani, akatazama watu, akanitazama mimi na kalamu yangu. Alikuwa amekwisha kusema. Kukataa kungekuwa kukiri. Akashuka kwenye kasha, akashikwa mikono na wasaidizi wawili, akapanda.

Mshale ukasimama kwenye ratili mia na ishirini.

Naomba msomaji aelewe hatari ya dakika ile. Katika nchi hiyo, kumcheka waziri akiwa kazini kulikuwa na kifungo cha miaka saba, na kutabasamu kulikuwa na miwili. Watu elfu mbili waliuma midomo. Niliona mabega ya wazee yakitikisika. Niliona mama mmoja amejaza kitambaa cha kichwani kinywani.

"Mnaona?" akapaza sauti Mheshimiwa, mwenye jasho. "Mnaona ninavyokonda kwa ajili yenu?"

Aliyecheka alikuwa askari. Alikuwa mstari wa pili, na kicheko kilimtoka kama chafya. Aliye karibu naye akafuata, kisha mstari mzima, kisha upande wa wakulima ukapasuka, na kicheko kikaenda mpaka mashambani.

Uso wa Mheshimiwa ukageuka wa kijivu. "Sajini! Elekeza bunduki!"

Kicheko kikafa. Bunduki mia mbili zikainuka. Nyamizi hakusogea. Nilimwona akikunja vidole vya miguu ndani ya kokoto, kama mtu anayesimama kwenye mto wenye nguvu. Mwalimu Luhende, aliyekuwa kando yake, alirudi nyuma hatua moja. Simlaumu. Mimi nilirudi kumi.

"Piga!"

Sajini akapiga saluti. "Mheshimiwa, naomba amri kwa maandishi."

"Nimesema piga!"

"Ndiyo, mheshimiwa. Kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi na Nne, amri ya kupiga wananchi zaidi ya kumi lazima iandikwe nakala tatu na kugongwa muhuri wa mviringo."

Katibu wa Waziri akafungua sanduku. Akapekua. Akapekua tena. "Tumekuja na wa mraba," akasema kwa sauti ndogo.

"Wa mraba ni wa kufungulia shule, mheshimiwa," akasema sajini, akitazama mbele kabisa, bila kitu chochote usoni. Sijui mpaka leo kama mtu yule alikuwa mpumbavu au alikuwa mtu mwenye akili kuliko wote stesheni pale. Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya kofia yake. Halikufuatwa na jingine. Bunduki zikashushwa, na treni ikaondoka kinyumenyume.

Ndipo Sungwi walipocheza. Na ndipo serikali, iliyoshindwa kwa bunduki, ilipoamua kuwapenda kweli.

Siku mbili baadaye iliwasili simu ya maandishi kutoka Chama cha Nuru. Ilisema kwamba Nuru siku zote imekuwa na jembe moyoni. Kwamba itabadili bendera yake iwe na picha ya jembe. Kwamba inamwomba Mwalimu Luhende agombee kiti cha Sungwi kwa tiketi yake, na akishinda atakuwa Waziri wa Mizani mahali pa Pwaguzi. Sharti ni dogo: pamba ipakiwe sasa hivi, kwa mizani iliyopo, kama ishara ya urafiki.

Umoja ulikutana ghalani. Nje ngurumo zilikuwa zinakaribia, na kila ngurumo ilipolia watu waliinua macho kwenye bati.

Luhende alisimama. Alisema vizuri, Mungu amsamehe. "Ndugu zangu, nje ya nyumba tunaweza kupiga kelele tu. Nipeni ufunguo niingie ndani. Nikiwa ndani, mizani ile nitaing'oa kwa mikono yangu. Na pamba yenu itaokoka leo, leo hii, kabla ya mvua!"

Bibi Kalekwa akapiga kigelegele, na ghala likamjibu.

Nyamizi alingoja watulie. "Mwalimu," akasema, "mbuzi akikaribishwa jikoni, haitwi kupika."

Watu wengine wakaguna. Wengine wakatazama chini.

"Juzi walikuwa wametuelekezea bunduki," akaendelea. "Leo wanataka tuwape pamba kwa mizani ileile. Kama wanatupenda, waibadili kwanza. Siku tatu tu. Viwanda vyao vimenyamaza. Hawawezi kungoja siku tatu."

"Na mvua je, itangoja?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Alikuwa na haki ya kuuliza. "Sijui," akasema Nyamizi. Nilifikiri wakati ule kwamba mwanasiasa yeyote angalisema itangoja.

Walipiga kura kwa miguu. Wa Luhende walisimama ukuta wa kulia, wa Nyamizi wa kushoto. Mbuke alikuwa amesimama kushoto. Ngurumo ikapasuka juu kabisa ya paa. Akamshika Nyamizi mkono. "Wifi, watoto sita," akasema. "Nisamehe." Akavuka.

Walipohesabu, kulia walikuwa mia sita na kumi na moja, kushoto mia mbili tisini na wanane. Nyamizi alitazama ukuta ule wa kulia kwa muda, uso baada ya uso, kisha akasema, "Haya, tukapakie." Akatoka wa kwanza, akabeba magunia ya Mbuke kabla ya yake. Mvua ilinyesha usiku wa kuamkia siku ya tatu.

Luhende akashinda uchaguzi, akawa Waziri. Kwa haki ya Mungu, alijaribu. Aliandika barua ya kung'oa mizani. Barua ikapelekwa kwenye Kamati ya Kung'oa, iliyokuwa chini ya Pwaguzi, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Ushauri. Kamati ikashauri mizani ipakwe rangi ya kijani na kuchorwa jembe. Mavuno yaliyofuata, gunia la ratili mia lilisoma arobaini na tano. Ratili tano zilizopungua, alieleza Luhende katika hotuba nzuri, zilikuwa uzito wa rangi.

Nyamizi hakwenda kumsikiliza. Alikuwa amerudi kwenye kazi yake ya kuzunguka mashamba, na safari hii alikuwa na neno fupi zaidi: tusipande.

"Sheria inasema kila nyumba shamba moja la pamba," wakamwambia. "Asiyepanda ni jela."

"Najua."

"Tutakula nini?"

"Tulichokula kabla ya treni."

Alianza na wale mia mbili tisini na wanane. Wengine walimfungia mlango. Mbuke hakumfungia, alimsikiliza amesimama, mikono imejaa unga, kisha akasema, "Mwaka huu nitapanda uwele," na machozi yakamtoka, maana alikuwa na hofu kweli.

Mwaka ule treni ilifika Sungwi na bendi ya matarumbeta, ikakuta jukwaa limefagiwa, safi, halina kitu. Huko mashambani mahindi na uwele vilikuwa vimesimama kama ukuta hadi mwisho wa macho.

Waziri Luhende alishuka. Alikuwa amenenepa kidogo, na ndevu zilikuwa zimepunguzwa kwa mtindo wa Mji Mkuu. Nyuma yake walishuka askari, na safari hii walikuwa na mihuri yote. Mimi nilibeba daftari lake. Alikuwa ametumwa kurudi na majina: kila aliyevunja Sheria ya Pamba aandikwe, achukuliwe. Meza ikawekwa. Watu wakakusanyika bila kuitwa, wakasimama kimya mbele yake.

"Nani aliwashawishi?" akauliza. Sauti yake ile nzuri ilikwaruza. "Nipeni majina ya viongozi tu. Watano. Hata watatu. Wengine nitawaombea."

Nyamizi akasogea mezani.

"Andika, mwalimu. Nyamizi binti Lugwesa. Sikupanda."

Akaandika. Askari wawili wakamshika Nyamizi mikono, na akawaachia mikono bila kuwatazama.

"Mwingine ni nani?" Luhende akamuuliza kwa sauti ya chini, kama anayeomba. "Dada, nisaidie. Nitajie wawili tu."

"Mimi," akasema Mbuke, aliyekuwa amekuja nyuma yake. "Sikupanda."

Nyuma ya Mbuke alikuwepo mbeba mizigo. Nyuma ya mbeba mizigo alikuwepo mzee na mkewe. Mstari ukapinda ukazunguka ghala, ukatoka nje ya stesheni. Walikuja wa ukuta wa kushoto, wakaja na wa ukuta wa kulia, walewale waliomchagua Luhende. Wengi aliwafundisha kusoma yeye mwenyewe, na walimtajia majina yao taratibu, herufi kwa herufi, ili asikosee. Askari waliwashika wa kwanza, kisha mikono ikawaishia. Jua likapanda, likaanza kushuka. Bendi ilikaa chini.

Luhende alipoinua macho kwa mara nyingine, mbele ya meza alikuwa amesimama Bibi Kalekwa, na fimbo yake.

"Jina?" akauliza, kwa mazoea tu.

"Unalijua," akasema mama yake.

Luhende alishika kalamu juu ya karatasi. Wino ukadondoka, ukafanya doa. Nyuma ya bibi mstari bado ulikuwa mrefu. Sajini alimtazama Waziri, akingoja. Mama naye alimtazama, hakumsaidia kwa neno wala kwa jicho.

Akaliandika. Aliliandika lote, kwa mwandiko ule mzuri aliowafundisha watoto wa watu. Kisha, chini yake, akaandika Luhende, na mbele ya jina hilo akaandika: Sikupanda. Akafunga daftari, akanipa mimi.

Daftari lilifika Mji Mkuu na majina elfu moja mia tisa na sitini. Jela ya jimbo ilikuwa na nafasi ya watu arobaini, na waziri wa kusaini hati zao alikuwa wa mwisho kwenye orodha. Baraza lilikaa siku tisa. Siku ya kumi niliamriwa kuandika, ukurasa wa kwanza, kwamba serikali kwa hekima yake imeamua kuipumzisha ardhi ya Sungwi, na kwamba wananchi wameupokea uamuzi huo kwa furaha.

Hilo la furaha lilikuwa kweli. Ndilo jambo la kweli pekee nililowahi kuchapisha, na nilikwenda mwenyewe Sungwi kuwapelekea gazeti. Nyamizi alikuwa ameshaachiwa, anavuna uwele. Alilishika juu chini, maana hakujua kusoma, akauliza limesemaje. Nikamsomea.

"Na Mwalimu?" akauliza.

Nikamwambia amefukuzwa uwaziri, yuko njiani anarudi kwa miguu, na hajui kama mtampokea.

Alisugua shuke la uwele viganjani mpaka punje zikabaki tupu. Kisha akamwita Mbuke, akamwambia aongeze maji ya ugali kwenye chungu.